Kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kuajiriwa, lakini si kwa kila kazi

Waajiri wengi hutuuliza sisi wakaguzi wa kazi: mtoto anaajiriwa kuanzia miaka mingapi? Wanatarajia jibu la namba moja. Sheria ina ngazi, na walio wengi wanaishia ile ya kwanza.

Sheria za kazi za nchi nyingi zimejengwa juu ya Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1973. Mkataba huo unataka umri wa chini wa kuajiriwa usipungue umri wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usiwe chini ya miaka 15. Nchi ambazo uchumi na shule zake bado hazijajitosheleza zinaweza kuanzia 14. Kwa hiyo pale elimu ya lazima inapokoma kwenye miaka 16, mtoto wa miaka 15 bado haajiriki, hata awe na mwili mkubwa kiasi gani. Kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala kumkwamisha masomo, sheria ya nchi inaweza kuiruhusu kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi zilizoanzia 14. Mtoto kufagia uwanja wa kwao au kuosha vyombo baada ya masomo ni malezi, hakuna anayemkataza.

Penye makosa mengi ni ngazi ya juu, ya miaka 18. Mwajiri akishajua kwamba kijana ametimiza umri wa kuajiriwa, humpa kazi yoyote iliyopo. Hilo ni kosa. Kazi hatarishi ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999 unaiweka miongoni mwa aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto, na mwaka 2020 ukawa mkataba wa kwanza wa ILO kuridhiwa na nchi wanachama wote. Hata hivyo, makadirio ya ILO na UNICEF ya mwaka 2024 yanaonyesha watoto milioni 138 wakitumikishwa, milioni 54 kati yao katika kazi hatarishi.

Kazi hatarishi ni ipi? Kila nchi huandaa orodha yake, lakini mambo ya msingi yanafanana: kazi za chini ya ardhi na majini, za mahali pa juu au pafinyu, mashine hatari, mizigo mizito, kemikali, joto kali, kelele nyingi, saa nyingi na kazi za usiku. Chukua karakana ya useremala. Kijana wa miaka 16 anaweza kupima mbao, kupiga msasa kwa mkono mahali penye hewa safi, kupanga bidhaa. Msumeno wa umeme haumhusu, wala kupulizia vanishi. Zipo sheria zinazoruhusu kazi za namna hiyo kuanzia miaka 16, ila baada ya mafunzo mahususi na pakiwa na ulinzi kamili. Kumwambia "angalia mwenzako anavyofanya" si mafunzo.

Sababu ziko mwilini. Mifupa na viungo vyake bado vinakua, na mizigo ya kila siku huviharibu. Vifaa vya kinga vimeshonwa kwa vipimo vya watu wazima: glovu inayompwaya hunaswa na mashine, na barakoa isiyomkaa sawasawa hupitisha vumbi pembeni. Isitoshe, kijana mgeni kazini haoni hatari mapema, na mara nyingi hathubutu kumwambia bosi kwamba hajaelewa.

Tunaambiwa sana kwamba mzazi ameridhia, au kijana ameomba mwenyewe kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Shida hiyo ni ya kweli na inaumiza. Lakini ridhaa ya mzazi haifuti katazo la sheria, na kijana akikatika vidole, familia inabaki na umaskini uleule pamoja na ulemavu.

Mwajiri, usikadirie umri kwa macho. Omba cheti cha kuzaliwa kabla hajaanza kazi. Kama hana, tafuta kumbukumbu za shule au kliniki. Weka daftari la wafanyakazi wote walio chini ya miaka 18, lenye majina na tarehe za kuzaliwa, kwa sababu mkaguzi ataliulizia.

Ukigundua tayari unaye kijana kwenye kazi hatarishi, mwondoe hapo siku hiyohiyo. Kama umri wake unaruhusu ajira, mpe kazi salama. Kama hauruhusu, mlipe haki yake yote na uwasiliane na ofisi ya kazi au ustawi wa jamii ili arudishwe shuleni. Ukimfukuza tu getini, kesho atapokelewa mahali pabaya zaidi, ambako hakuna mkaguzi anayefika.