Chembechembe Si Ushahidi wa Asili ya Uvimbe

Wanafunzi wengi wa maabara ya mifugo hapa Mbeya huamini kwamba uvimbe wa seli zenye chembechembe, ukionekana kwenye ubongo wa panya wa maabara, lazima umetokana na seli za Schwann zinazozingira neva, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa uvimbe wa jina hilo kwenye ulimi wa binadamu. Dhana hiyo si sahihi, na inapotosha uchunguzi. Chini ya hadubini huonekana seli kubwa zilizojaa punje za waridi, yaani hizo chembechembe, ambazo hukolea zikitiwa PAS, rangi ya maabara inayoonesha sukari zilizomo kwenye seli. Punje hizo ni lisosomu (vifuko vya seli vinavyomeng'enya taka) zilizorundikana, nazo lisosomu zimo karibu katika kila seli ya mnyama, hivyo hazioneshi uvimbe umetoka wapi. Cha kutazama kwanza ni mahali: katika panya, uvimbe huu kwa kawaida huwa umeshikamana na utando unaofunika ubongo, ndiyo maana wanapatholojia wengi huuhusisha na seli za utando huo. Hata Abrikossoff, mwanapatholojia wa Urusi, alipoueleza ule wa binadamu mwaka 1926, aliudhania kuwa wa misuli. Tena, katika ubongo wa binadamu, upo uvimbe wa chembechembe unaotokana na astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazotegemeza neva za ubongo, ambao mara nyingi hutambuliwa kwa GFAP, protini ya seli hizo.