Kiingilio kinywaji chako: usiku wa bendi ya baa Dodoma unavyopangwa

Kuanzia Alhamisi, kwenye mageti ya baa nyingi hapa Dodoma utaona mabango yenye maneno yale yale: bendi Ijumaa na Jumamosi, kiingilio kinywaji chako. Mteja akisoma hapo anafurahi kwamba mlangoni hatoi hela. Mimi napiga gitaa la ridhimu, nikisoma najua ujira wangu wa usiku huo umo kwenye kreti. Meneja hahesabu waliocheza, anahesabu chupa. Na mtu anayecheza hanywi.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Wengi wanadhani bendi nzuri ni ile inayowainua watu mapema. Jaribu uone. Ukilipua sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha, saa tatu na nusu usiku, watu watacheza kweli, watatoka jasho, wataagiza maji ya kunywa, na ikifika saa tano wameshachoka wanatafuta bodaboda. Meneja anabaki na viti vitupu na nyinyi mna saa tatu mbele yenu. Bendi inayoijua kazi inauchelewesha usiku.

Saa ya kwanza tunawapigia watu wanaosubiri chakula. Kuku wa kienyeji wa kuchoma haivi kwa dakika kumi, na mbuzi ndiyo kabisa. Basi tunaanza na rumba la taratibu, zilipendwa, na kopi za dansi la bendi kongwe za Msondo na Sikinde, sauti imeshushwa kiasi kwamba watu wa meza moja wanaongea bila kupayuka. Nikiwa jukwaani simwangalii mpenzi wa muziki aliyekaa mbele, namwangalia mhudumu mwenye jagi na beseni la kunawia. Akizunguka meza, chakula kimetoka, na mtu mwenye mafuta mikononi hainuki hata umpigie nini. Akirudi mara ya pili kuwanawisha, hapo tunaweza kuanza kupandisha. Waimbaji wageni jijini wanachelewa sana kulielewa jambo hili. Wanaimba macho wameyafumba.

Sebene lenyewe, au chemko kama wazee wa dansi walivyozoea kuliita, kimuziki ni kitu chepesi kukieleza na kigumu kukifanya. Kodi zake, yaani noti zinazopigwa pamoja, mara nyingi ni tatu tu: do, fa, sol, kisha unarudi. Mpiga dramu anaacha mwendo wa rumba na kuingia kwenye ule mdundo wa mbio uliosambazwa na Zaiko Langa Langa ya Kinshasa miaka ya 1970. Solo anapanda juu shingoni mwa gitaa na kuanza kubadilisha vionjo. Besi inaruka. Mimi ridhimu sibadilishi chochote. Naweka kapo, kile kibanio cha nyuzi, nashika kipande kimoja cha noti saba au nane, nakirudia dakika kumi, wakati mwingine kumi na tano, bila kuongeza mwendo hata kidogo. Ukiwa na pupa ukaharakisha, rapa anakosa pa kuingiza maneno na wachezaji wanakanyagana. Bendi kubwa za zamani zilikuwa na gitaa la nne, sekondi solo, la kuziba nafasi kati yangu na solo. Siku hizi baa hailipi mtu wa ziada, kwa hiyo nafasi hiyo anaiziba mpiga kinanda kwa mkono wa kushoto. (Wa kwetu Jumapili asubuhi anapigia kwaya. Sijui analala saa ngapi.)

Kinacholeta hela ni lile linalofuata baada ya sebene. Tukishuka ghafla kwenye rumba tamu, watu wanarudi mezani wakihema, koo zimekauka, na wahudumu wanaanza kukimbia. Kwa hiyo tunapiga sebene fupi kuelekea saa tano, la kati saa sita, na refu la mwisho wakati meneja mwenyewe ameshaanza kutabasamu. Katikati tunapumzika, DJ anaweka Bongo Fleva na singeli, vijana wanapata haki yao.

Sasa kuna mambo ambayo ni ya Dodoma hasa. Mji huu uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikaja 2018. Wateja wetu wakabadilika. Kwingine mwimbaji akimtaja bosi kwenye wimbo, bosi anajaa, anakuja mbele kutuza, noti inabandikwa kwenye paji la uso. Hapa mhudumu anapanda jukwaani katikati ya wimbo: “Kaka, yule mzee wa meza ya pembeni anaomba asitajwe.” Ofisi yake ipo Mtumba, kwenye mji wa serikali, nyumbani ameaga anakwenda kikaoni. Cha kushangaza, asiyetaka kutajwa ndiye anayetuza vizuri, ila hela anaituma kwa mkono wa mhudumu, imekunjwa ndani ya risiti. Rapa wetu amejifunza kutaja mikoa na wilaya badala ya majina. “Watu wa Singida mpo? Watu wa Kondoa?” Kila mmoja anajiona ametajwa na hakuna aliyeumbuka.

Kalenda yetu nayo ni ya hapa. Bunge la bajeti, Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ndiyo mavuno. Wiki ya mshahara haihitaji maelezo. Kwaresima na Ramadhani bendi nyingi zinapungukiwa kazi, na watu wenye busara wanatumia muda huo kutengeneza nyimbo zao. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtumishi mwenye familia Dar anatoka kazini Ijumaa na usiku huo huo anakula ubwabwa wa nyumbani kwake. Siilaumu reli, ila kwa macho yangu Ijumaa imepungua uzito, na Alhamisi imeanza kuchangamka. Kuna baa zimeshahamisha bendi. Mabango yao yamechelewa tu kubadilishwa.

Jumamosi wanabaki wenyeji, na wenyeji wana lao. Mwimbaji akisalimia kwa Kigogo “Mbukwenyi!” meza za nyuma zinaitikia kwa kishindo, na hapo tunajua tukiwawekea muheme hawatakaa. Muheme ni ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, wameibana mapajani. Mpiga tumba wetu anachukua mapigo yake, mimi natafuta sauti ya ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba, ambayo mwanamuziki wa Kigogo marehemu Hukwe Zawose aliitembeza duniani, ina mkwaruzo fulani unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye kisanduku chake. Gitaa halina buibui. Nakunja kipande cha karatasi ya boksi la sigara, nakipitisha katikati ya nyuzi karibu na daraja, kisha nazizima kidogo kwa kiganja. Inatoka sauti kavu yenye vumbi. Akina mama wa Chamwino waliokuja mjini kwenye sherehe wanatazamana, halafu mmoja anapiga kigelegele na meza yote inasimama. Hapo sheria yangu ya kuchelewesha naiweka pembeni.

Hali ya hewa nayo inatutesa kuliko watu wanavyojua. Juni na Julai usiku kuna upepo na baridi kavu. Ukitoa gitaa ndani ya gari ukalipanga papo hapo nje, nyuzi za chuma zikipoa zinajikaza na sauti inapanda. Liache jukwaani dakika ishirini kwanza. Ngozi ya tumba inakauka na kujivuta, usipolegeza nati baada ya kazi utakuta imepasuka, na ngozi mpya haitoki kwenye hela ya meneja.

Tukija kwenye hela, msingi wake ni huu: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Zamani vyombo vilikuwa vya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Leo mwenye spika, mikisa na dramu anachukua fungu lake kwanza, la usafiri linafuata, kinachobaki ndiyo tunagawana. Wengi wetu ni deiwaka, tunalipwa kwa siku tuliyopiga. Usiku wa kawaida naondoka na elfu thelathini, ukichangamka hamsini, na tuzo zinaingia kwenye chungu kimoja hata kama noti ilibandikwa usoni kwa mwimbaji peke yake. Bendi isiyo na sheria hiyo haimalizi mwaka.

Tunaomba nusu kabla ya kupanda. Baa moja, sitaitaja, ilitulipa kwa supu asubuhi na ahadi ya Jumatatu, na Jumatatu meneja akawa mwingine. Tangu hapo advansi ikikosekana tunafunga waya taratibu huku tunapiga stori, na mara nyingi advansi inapatikana kabla dramu haijafungwa mfuniko.

Kama wewe ni mwenye baa na unafikiria kuanza kuleta bendi, usianze na bango. Jukwaa liweke mbali na jiko, moshi wa nyama unaganda kwenye nyuzi na kwenye maiki. Spika zigeuze mgongo kwa majirani, maana mwenye kulala akipiga simu wanaokuja hawaulizi nyimbo nzuri, wanapima kelele. Jenereta iwe na mafuta ndani, si pesa ya mafuta mfukoni kwa mlinzi. Na mwambie mpishi kuku waanze kuchomwa saa mbili, ili saa tano mikono iwe imeshanawa.