Hewa yenye unyevu si nzito

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai hewa yenye unyevunyevu ni nzito, hivyo huibeba ndege vizuri zaidi. Ukweli ni kinyume. Molekuli ya maji ina uzito wa 18. Ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32. Mvuke huchukua nafasi ya hizo nzito, hewa ikawa nyepesi. Fungua jedwali la elementi ujumlishe mwenyewe: maji yana atomi mbili za hidrojeni, 1 na 1, na atomi moja ya oksijeni, 16 (oksijeni ya hewani ina atomi mbili, ndiyo maana ni 32). Hewa nyepesi huibeba ndege kwa nguvu ndogo, hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kidogo kabla ya kuruka, ingawa joto na mwinuko wa uwanja huathiri zaidi. Tunachanganywa na miili yetu: jasho halikauki, shati linaganda mgongoni, tunasema hewa nzito. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Huenda anayeusoma anajifunza urubani.