Kinubi cha Ireland na gitaa jukwaani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja albamu ya laivu ya kinubi na gitaa, wengi huwa wameshaihukumu kabla hawajaisikia. Muziki wa kuchulia misuli, watasema. Muziki wa kumlazia mtoto. Mimi nimeishi na Live in the Highlands, albamu ya 1995 ya Máire Ní Chathasaigh kwenye kinubi na Chris Newman kwenye gitaa, na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyoona kwamba maneno mengi yanayozunguka muziki huu hayana msingi. Nianze na lile linaloniudhi zaidi.

"Kinubi ni cha nyimbo za polepole"

Muziki wa asili wa Ireland kwa sehemu kubwa ni wa kuchezea dansi, na tuni zake zina aina: jig, reel, hornpipe. Reel ikipigwa kwa mwendo wa kawaida wa wachezaji, noti kama saba hupita katika kila sekunde. Sasa tazama kazi inayomkabili mpiga kinubi. Uzi ukishadonolewa haunyamazi wenyewe upesi. Unaendelea kuvuma mpaka uzimwe kwa kidole au kiganja. Piga noti saba kwa sekunde bila kuzima hata moja, na tuni nzima inageuka uji.

Gumu zaidi ni mapambo. Wapiga fidla wa Ireland hupenda kuirudia noti moja mara tatu kwa kasi, kama mtetemo mfupi. Kwenye fidla hilo ni suala la kiwiko na kifundo cha mkono. Kwenye kinubi, kidole kinaurudia uzi ambao bado unatikisika, na kikifika vibaya unasikia mkwaruzo badala ya noti. Dawa yake ni vidole kupokezana juu ya uzi uleule: cha kati, cha shahada, kisha gumba, kila kimoja kikiondoka kabla mwenzake hajatua. Ní Chathasaigh, mzaliwa wa Bandon katika County Cork, alijishughulisha na tatizo hili tangu miaka ya 1970, akitafuta jinsi ya kuyahamishia kwenye kinubi mapambo ya fidla, filimbi na zumari za mfuko. Mwaka 1985 akatoa The New-Strung Harp, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu mwenye masikio kusema kwamba kinubi hakiwezi reel. Mwaka 2001 kituo cha televisheni cha TG4 kilimpa tuzo ya mwanamuziki wa asili wa mwaka.

"Ni sauti ileile ya Wakelti wa kale"

Hii inauza tiketi, lakini si kweli. Kinubi cha zamani cha Ireland kilikuwa na nyuzi za waya na kilidonolewa kwa kucha ndefu. Kilichohifadhiwa Trinity College, Dublin, ambacho ndicho kielelezo cha nembo ya taifa, kinaitwa cha Brian Boru, mfalme aliyefariki 1014. Wataalamu wanakiweka karne ya 14 au 15, kwa hiyo mfalme huyo hakukigusa.

Julai 1792, wapiga vinubi 10 wa Ireland na mmoja wa Wales walikutanishwa Belfast kwa sababu sanaa yao ilikuwa inakufa. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisani, alipewa kazi ya kuziandika tuni zao. Kati ya wote waliokuwapo, ni Denis Hempson peke yake, mzee aliyepita miaka 90, aliyekuwa bado anapiga kwa kucha kwa mtindo wa zamani. Bunting alianza kuzichapisha tuni hizo 1796, na katika vitabu vyake alizipanga zipigwe kwa piano. Miongo michache baadaye mnyororo ulikatika: wazee walikufa, na vijana wa kurithi ufundi wa waya hawakuwapo.

Kinubi unachokisikia katika albamu za leo kinatoka kwenye ukoo mwingine. Mnamo miaka ya 1820 fundi John Egan wa Dublin alikuwa akitengeneza vinubi vidogo vya kubebeka vyenye nyuzi za utumbo wa wanyama, na ndivyo mababu wa vinubi hivi. Kwa hiyo ala hii ina umri wa karne mbili hivi. Kwangu hilo halipunguzi chochote. Watu waliokuta mapokeo yamekatika wakaamua kuyasuka upya kwa vidole vyao wanastahili heshima kubwa kuliko hadithi ya ukungu na mawe ya kale. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upigaji wa kinubi wa Ireland katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wala si kile kinubi kikubwa cha okestra chenye nyuzi 47 na pedali saba. Hiki aghalabu kina nyuzi 34, na juu ya kila uzi kuna leva ndogo. Ukiiinua, uzi unapanda nusu toni. Mpigaji akitaka kubadili kii (ngazi ya sauti ambayo tuni imejengwa juu yake) katikati ya tuni, mkono wa kushoto unaacha nyuzi, unainua leva na kurudi, huku wa kulia ukiendelea peke yake. (Anayewaza nyatiti aiweke kando: ile nyuzi zake hufungwa kwenye mti unaolala juu ya mikono miwili. Ndugu wa kweli wa kinubi upande wetu ni ennanga ya Buganda na adungu ya Waalur.)

"Gitaa linapiga rizim tu, na ndilo linaloshika besi"

Uzi mzito wa gitaa la kawaida hutoa noti ya E. Kinubi cha nyuzi 34 kinateremka hadi C iliyo chini ya hiyo E. Mwenye besi ni kinubi, basi, na hapo ndipo ugumu wa duo hii ulipo: ala mbili za kudonoa, zinazokutana katika eneo lilelile la sauti na kufifia kwa namna inayofanana. Zisipopishana zinafunikana. Chris Newman, ambaye aliwahi kupiga pamoja na Stéphane Grappelli, mpiga fidla wa jazi wa Ufaransa, haketi nyuma na kusukuma kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Anaibeba tuni yenyewe noti kwa noti, anamwachia mwenzake, kisha anairudia. Sikiliza spika mbili zikiwa mbalimbali utajua ni nani ameshika nini.

Na gitaa si ala ya kale katika muziki huu. Liliingia karne ya 20. Mtindo wa kuzikaza nyuzi zake ambao wapiga gitaa wengi wa Ireland wanaupenda, re la re sol la re kuanzia uzi mzito, unahusishwa na Mwingereza Davey Graham, aliyeubuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa Morocco akitafuta njia ya kupiga pamoja na wapiga udi. Miaka ya 1970 Mícheál Ó Domhnaill, mpiga gitaa wa bendi ya Ireland iitwayo The Bothy Band, akaufanya sehemu ya sauti ya Ireland. Sisi tuliolelewa na udi wa taarab tunaweza kuusikia undugu huo bila kuambiwa.

"Laivu ni rekodi ya pili kwa ubora"

Studio inakupa usafi. Jukwaa linakupa kingine: mwendo unaosukumwa na watu walioketi mbele yako. Kuna na lile la kwamba laivu lazima iwe usiku mmoja usioguswa. Mara nyingi wanamuziki hurekodi maonyesho kadhaa na kuchagua yaliyotoka vizuri. Lakini kinubi na gitaa vikiwa karibu karibu, kila maikrofoni inanasa pia ala ya jirani, hivyo kubandika noti mpya juu ya iliyokosewa ni shida. Nyuzi nazo huhama na joto la taa na unyevu wa ukumbi, na mpigaji anakaza 34 huku akizungumza na watu. Sehemu hizo ndizo hukatwa.

"Tuni ni za asili, kwa hiyo rekodi ni bure"

Hapa watengeneza video wengi hujikwaa. Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyeacha tuni zipatazo 200, alifariki 1738. Tuni zake ni za kila mtu. Rekodi ni mali nyingine. Kwa sheria ya Uingereza inalindwa miaka 70 tangu itolewe, na mpangilio mpya wa tuni ya zamani nao una mwenyewe. Anayeitaka sauti ya albamu chini ya video yake aombe ruhusa kwa mwenye rekodi. La sivyo, amtafute mpiga gitaa wa mtaani kwake, amwonyeshe noti kutoka vitabu vya Bunting, na wairekodi wenyewe. Hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.