Je, wajua kwa nini ukilala ndani ya gari unaamka miguu imevimba?

Pita Miritini au Mariakani, kwenye barabara kuu ya kuingia Mombasa, alfajiri, malori yakiwa yamepanga foleni kando ya barabara. Madereva wanashuka mmoja mmoja, na viatu vilivyowaingia jana bila shida leo vinagoma. Aliyetoka Nairobi na familia yake, karibu kilomita 480, akasinzia kwenye kiti kabla ya kuvuka kwa feri ya Likoni, naye huamka vivyo hivyo. Wengi husema ni uchovu tu. Chanzo hasa ni namna mtu alivyolala: ameketi, miguu chini.

Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, lakini kuipandisha tena juu unahitaji msaada wa misuli ya mashavu ya miguu. Kila hatua unayopiga, misuli hiyo hukaza na kuibana mishipa iliyo ndani yake, damu ikapanda, na vali ndogo zikaizuia isirudi chini. Ni kama pampu ya kisima: mkono usipoivuta, maji hayapandi.

Aliyelala ameketi hapigi hatua. Kwa saa tano au sita miguu yake iko chini ya moyo, magoti yamekunjwa, na ukingo wa kiti unabana mishipa iliyo nyuma ya goti. Damu inatuama, shinikizo linaongezeka, na majimaji yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo hadi yanajaa kwenye nyama. Ndiyo maana uvimbe huanzia kifundoni, na mara nyingi ukiubonyeza kwa kidole hubaki kishimo.

Mombasa nayo huongeza lake. Joto hutanua mishipa ya damu, na mwezi wa Machi hata usiku wa manane mtu hutoka jasho. Juu ya hayo, dereva hujinyima maji makusudi, maana kushuka kwenda haja ni kuuacha mzigo bila mlinzi. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mwili uliopungukiwa maji hufanya damu kuwa nzito, na damu nzito iliyotuama huganda kwa urahisi.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida hutoweka baada ya kutembea kidogo. Hatari ni donge la damu likijitengeneza mguuni, kisha likang'oka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Haitokei kwa wengi, lakini huua. Mwaka 1940, London ikishambuliwa kwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu vifo vya namna hiyo miongoni mwa watu waliokuwa wakilala wameketi kwenye viti ndani ya mahandaki. Oktoba 2004, tetemeko la ardhi lilipopiga Niigata, Japani, watu wengi waliogopa kurudi majumbani wakalala kwenye magari yao usiku baada ya usiku. Baadhi yao walinusurika tetemeko, wakafa kwa madonge ya damu mapafuni.

Kwa hiyo jambo kubwa ni kuinua miguu. Malori mengi ya safari ndefu yana kitanda nyuma ya viti. Kikiwa kimoja na watu ni wawili, dereva na taniboi, yaani msaidizi wake, wapokezane, asiwe mmoja wa kitini kila usiku. Kwenye gari dogo, jilaze kiti cha nyuma hata kama utakunja magoti. Ikibidi kiti cha mbele, kilaze hadi mwisho, uweke begi mbele yako ili miguu ilingane na kiti. Ukishtuka usingizini, chezesha vifundo vya miguu mara kadhaa kabla ya kulala tena. Na maji unywe, hata kama itabidi kumwomba dereva wa lori la jirani akuangalizie mzigo dakika mbili.

Angalia pia uvimbe uko wapi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, kisha ikapungua baada ya kutembea, mara nyingi ni kule kulala umeketi usiku. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukibanwa pumzi ghafla, au kifua kikichoma unapovuta hewa, usishike usukani tena: mtu mwingine akukimbize hospitali iliyo karibu.