Chaneli 41 ya San Antonio ilikuwepo kabla ya Univision

Dhana: Univision, mtandao wa vituo vya televisheni vya Marekani, ndiyo iliyowaletea Wamarekani televisheni ya Kihispania.

Hapana. Kituo cha mtaani kilitangulia, mtandao ukafuata. Tarehe 10 Juni 1955, mjini San Antonio, Texas, Raoul Cortez alianza kurusha matangazo ya KCOR-TV kwenye chaneli 41. Alikuwa mzaliwa wa Veracruz, Meksiko, na tangu 1946 alikuwa akiendesha redio yake ya Kihispania, KCOR. Jina la Univision lilikuja 1987, miaka 32 baadaye. Hata hivyo, anayesema KCOR-TV ni ya kwanza aongeze "bara": Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kilikuwa na kituo cha televisheni cha Kihispania, WKAQ, tangu 1954.

Dhana: Kituo kilipata hasara kwa sababu watu wa lugha hiyo hawakukitazama.

Hii ndiyo inayoniuma, maana inawabebesha watazamaji lawama isiyo yao. Chaneli 41 ilikuwa kwenye masafa ya UHF, yaani ya chaneli 14 kwenda juu, na seti nyingi za wakati ule zilinasa chaneli 2 hadi 13 tu. Mama aliyetaka kusikia lugha yake sebuleni ilibidi kwanza anunue kifaa cha kubadilisha masafa na kukiunganisha na seti, kama sisi tulivyokuja kununua ving'amuzi. Televisheni tayari ilikuwa ghali. Hii ilikuwa gharama juu ya gharama. Makampuni makubwa nayo yalisita kulipia matangazo, hayakuamini kwamba Kihispania kina soko. Sheria ya kulazimisha seti mpya zinase UHF ilipitishwa 1962, ikaanza kutumika 1964. Cortez alikuwa amekwisha kuuza kituo mwaka 1961. Msaada ulifika mwenyewe ameshaondoka.

Dhana: Tangu mwanzo kilikuwa mali ya tajiri wa Meksiko.

Emilio Azcárraga Vidaurreta, mwenye televisheni kubwa ya Meksiko, aliingia 1961 tu, akiwa mmoja wa kundi la wanunuzi. Sheria ya Marekani haikumruhusu mgeni kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya kampuni yenye leseni ya utangazaji. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Emilio Nicolas, mkwe wa Cortez, aliyekuwa akifanya kazi kituoni. Wakakibadilisha jina kuwa KWEX, na 1962 wakafungua KMEX huko Los Angeles. Hapo ndipo ulipozaliwa mtandao wa SIN (Spanish International Network), ambao 1976 ulianza kusambaza vipindi kwa setilaiti.

Ni kweli kwamba mkono wa Meksiko ulizidi kuwa mzito. Mwaka 1986 jaji wa tume ya mawasiliano ya Marekani (FCC) alikataa kuhuisha leseni zao kwa sababu hiyo, vituo vikauzwa, na SIN ikageuka Univision.

Wako pia wanaodhani kituo kimekufa. Kilichobomolewa, Novemba 2013, ni jengo la zamani la studio, huku wakazi waliotaka lihifadhiwe wakipinga. KWEX yenyewe ingali hewani, na namba yake ni ileile, 41.