Shirikisho la sataranji: kazi yake ni nini, na kwa nini halikomi kutembeza bakuli

Shirikisho la taifa la sataranji ni chombo kinachosimamia mchezo huo nchini na kuiwakilisha nchi ndani ya FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924 na ambalo leo makao yake yako Lausanne, Uswisi. Wanachama wa FIDE ni mashirikisho ya nchi: kila nchi shirikisho moja, na kwenye mkutano mkuu kila shirikisho kura moja. Kwa Tanzania, chama cha namna hii hutakiwa pia kusajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Wengi hulisikia shirikisho siku timu inaposafiri. Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa iko mbali kabisa na uwanja wa ndege. Chukua binti wa sekondari pale Uyole, Mbeya, anayewashinda wenzake wote shuleni. Ili kiwango chake, yaani alama zinazoonyesha uwezo wa mchezaji, kitambulike duniani, anahitaji namba ya FIDE, na namba hiyo huombwa na shirikisho. Anahitaji kucheza mechi tano na watu ambao tayari wana viwango, katika mashindano yaliyoandikishwa FIDE kabla hayajaanza. Anayeandikisha ni shirikisho. Mwamuzi naye awe na leseni, na leseni inapitia huko huko.

Pasipo hayo, mambo huwa hivi: darasani madawati yamesogezwa mawili mawili, mbao za plastiki zimekunjuliwa, saa ya sataranji, iliyopo moja tu, inahamishwa kwenye mechi iliyokawia kuisha, na mwalimu anaandika matokeo kwenye daftari. Jioni mshindi anapewa cheti na makofi. Kisha daftari linarudi kabatini, na kwenye orodha ya viwango, ambayo tangu Machi 2024 huanzia 1400, jina la yule binti halimo.

Huduma hizo zina gharama. Kuna ada ya uanachama ya kila mwaka na malipo ya mashindano yanayohesabiwa viwango, na bili za FIDE huandikwa kwa euro wakati michango yetu ni shilingi. Shirikisho lenye malimbikizo ya madeni linaweza kupoteza haki ya kupiga kura.

Halafu kuna Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, kila baada ya miaka miwili. Ya 2022 ilikuwa Chennai, ya 2024 Budapest. Nchi inaweza kupeleka wachezaji watano upande wa wazi na watano wa wanawake, pamoja na manahodha. Kwa kawaida mwenyeji hugharamia malazi na chakula, lakini nauli ya ndege ni mzigo wa shirikisho, hata pale FIDE inapotoa ruzuku. Mchezaji wa Mbeya au Iringa ana safari ya kwanza ya kufika Dar es Salaam kabla ya hiyo ya pili.

Fedha zinapatikana kwa shida kwa sababu zinazoeleweka. Rais Samia alipoanza “kununua” magoli ya Simba na Yanga mwaka 2023, yaani kuzizawadia klabu hizo za soka shilingi milioni tano kwa kila goli, nchi nzima ilikuwa inatazama. Sataranji haina jukwaa lililojaa watu. Mfadhili anayejitokeza hupenda kulipia tiketi, kwa kuwa timu yenye bendera inapigika picha, na ada haipigiki. Hilo linaniuma, maana bila ada hata hao wa kusafiri hawatapatikana. Ng'ambo tu ya Tunduma, Zambia imemtoa Amon Simutowe, grandmasta (daraja la juu kabisa la wachezaji) wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kipaji chake kilipanda daraja kupitia mechi zilizohesabiwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mwanjelwa au mwenye shamba la chai Mufindi akitaka kusaidia, amlipie mwalimu mmoja kozi ya kuwa mwamuzi, au agharamie mashindano ya mkoa yahesabiwe viwango. Na chama cha mkoa kiliandikie shirikisho mapema, wiki kadhaa kabla, kwa sababu mashindano yakishaanza bila kuandikishwa, matokeo yake hayaingizwi tena.